Seyyid Barghash na Mfereji wa Bibi Yangu



Vijana wetu ukiwatajia Seyyid Barghash bin Said, wengi watakwambia ndiye aliyejenga Beit al-Ajaib, basi. Wanaopenda muziki wataongeza kwamba ndiye aliyeleta taarabu kutoka Misri. Yote mawili ni kweli, na yameshaandikwa sana. Mimi leo nataka kumzungumza kwa jambo ambalo halina picha nzuri ya kutundika ukutani, nalo ni mfereji wa maji.

Nina sababu yangu. Nilifanya kazi ya ukarani miaka mingi hapa Ghuba, na kwa muda nilikaa katika ofisi moja ya maji ambayo sitaitaja. Kazi yangu ilikuwa kuwaandikia barua waliochelewa kulipa, na wasipolipa, kuandika karatasi ya kukatiwa. Mwandiko wangu ulisifiwa. Niliufunzwa katika skuli ya misheni Unguja, ambako baba yangu alinipeleka, ijapokuwa sisi ni Waislamu, ili nijue hesabu na Kiingereza. Siku moja akaja mama mmoja, mjane, na barua yangu mkononi. Hakugomba. Aliniuliza kwa upole tu, kama mtu anayetaka kujua, maji ya Mungu yana mwenyewe tangu lini. Sikuwa na jawabu. Nilimpelekea mkubwa wangu, akaniambia kanuni ni kanuni, na mimi nikatia muhuri. Nyumba ile ilikaa siku nne bila ya maji.

Usiku ule nilimkumbuka marehemu bibi yangu. Kila alipofungua mfereji kujaza mtungi, alikuwa akimwombea dua Seyyid Barghash, amrehemu na ampanulie kaburi lake. Nilipokuwa mtoto nilidhani Barghash ni jamaa yetu, mjomba labda, aliyefariki kabla sijazaliwa. Tangu usiku ule nikawa nasoma kila nilichokipata juu ya maisha yake, na haya ndiyo niliyoyakusanya.

Barghash alizaliwa karibu mwaka 1837, mtoto wa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja. Mama yake alikuwa suria wa Kihabeshi. Jumba la baba yake la Mtoni, maili chache kaskazini ya mji, lilikaa penye mto wa maji matamu. Maji yale yalisifika hata kwa mabaharia wa kigeni, na meli nyingi zilikuwa zikitia nanga pale kujaza mapipa kabla ya kuendelea na safari. Ajabu ni kwamba watu wa mjini wenyewe hawakuwa na maji kama yale. Wao walikuwa wakiteka katika visima vilivyochimbwa ndani ya mawe ya matumbawe, karibu na vyoo na karibu na makaburi, na maji yake mengi yalikuwa ya chumvi chumvi. Mwenye uwezo alinunua maji ya mbali, yaliyobebwa kwa mitungi vichwani mwa watumwa, wengi wao wanawake. Asiye na uwezo alikunywa alichokipata.

Taka zilitupwa pwani, na pepo ikivuma kutoka huko, mji mzima uliijua. David Livingstone, aliyefika mwaka 1866, aliligeuza jina la Zanzibar kuwa jina la uvundo. Tusikasirike, maana hakusema uongo. Miji mingi ya Ulaya wakati ule nayo ilinuka vivyo hivyo.

Mwaka 1856 Seyyid Said alifariki baharini, karibu na visiwa vya Shelisheli, akiwa safarini kutoka Maskati. Barghash alikuwamo melini, kijana wa miaka kama 19. Aliileta maiti ya baba yake Unguja, na tangu siku ile ile alitamani kukamata utawala. Hakuweza. Aliyetawala ni kaka yake, Seyyid Majid. Miaka mitatu baadaye, 1859, Barghash alimwasi. Majid akaizunguka nyumba yake kwa askari. Dada zake wawili, Khole na Salme, walikwenda kumtoa usiku, amevaa mavazi ya kike na kujifunika uso, akapita mbele ya walinzi wa kaka yake pamoja na wanawake. Alikimbilia shamba la Marseille na watu wake wakapigana huko, lakini mabaharia wa Kiingereza waliingia upande wa Majid na uasi ukavunjika. Barghash alipelekwa uhamishoni Bombay, akakaa huko kama miaka miwili.

Wengi huiruka miaka hii miwili. Mimi nadhani ndiyo iliyomfunza. Mwaka 1860 Bombay ilianza kupata maji ya mabomba kutoka ziwa la Vihar, nje ya mji. Mji mkubwa wa bandari, wenye joto kama Unguja, wenye watu wa kila dini, ukaanza kunywa maji yanayokuja wenyewe. Sijasoma popote kwamba Barghash alikwenda kuliangalia ziwa lile. Lakini kijana mwenye akili, asiye na kazi, aliyetoka katika mji wa visima vya chumvi, angewezaje kuishi Bombay miaka ile asiyaone?

Alirejea Unguja mwaka 1861, akakaa kimya akimngojea kaka yake. Kabla ya zamu yake kufika, yalifika maradhi.

Kipindupindu kilikuwa kimeshaipiga Unguja zaidi ya mara moja, lakini mwaka 1869 kilikuja kwa namna nyingine. Daktari wa Kiskoti, James Christie, aliyekuwa akitibu watu Unguja, alilifuatilia jambo hili kwa miaka na kulichapishia kitabu mwaka 1876. Alionyesha kwamba safari hii maradhi yalitoka bara, yakafuata njia za misafara mpaka pwani ya Pangani, kisha yakavuka kwa vyombo. Yaliingia mjini mwisho wa mwaka 1869 na kuendelea mpaka mwaka 1870. Walikufa watu kwa maelfu. Mtu aliamka mzima, na magharibi akawa anazikwa. Waliokufa zaidi ni maskini na watumwa, wale wale waliobeba maji ya wenzao na kunywa ya visima vibovu.

Bibi yangu alizaliwa baadaye sana, lakini alisimuliwa na bibi yake. Katika mtaa wao, alisema, watu waliacha kuulizana khabari asubuhi, kwa kuogopa jawabu.

Seyyid Majid alifariki Oktoba 1870, na Barghash akakalia kiti alichokitamani kwa miaka 14. Alirithi mji uliokuwa umetoka matangani. Hazina ilikuwa na madeni. Na kabla hajatulia, tarehe 15 Aprili 1872, kimbunga kikubwa kilipiga Unguja, kitu ambacho wazee hawakuwahi kukiona. Kilizizamisha merikebu zake bandarini na kuing'oa mikarafuu mingi sana ya kisiwa. Pemba ilisalimika zaidi. Mwaka uliofuata Waingereza, kwa mkono wa balozi wao John Kirk na kwa vitisho vya manowari, walimtaka akomeshe biashara ya watumwa ya baharini. Alikataa, akasita, mwishowe akatia saini tarehe 5 Juni 1873. Soko la watumwa la mjini likafungwa.

Hapa lazima niseme kweli, maana sisi tunaopenda kusimulia utukufu wa wazee wetu hupenda pia kupita haraka mahali kama hapa. Barghash hakuifunga biashara ile kwa huruma. Ilikuwa sehemu kubwa ya mali yake na ya matajiri wa mji, na utumwa wenyewe uliendelea majumbani na mashambani mpaka baada ya kufa kwake. Anayemsifu kwa maji na ataje na mikono iliyokuwa ikiyabeba kabla ya hapo.

Mwaka 1875 alialikwa Uingereza. Alifika London mwezi wa Juni, akaonana na Malkia Victoria, kisha akazungushwa katika miji ya viwanda kama Birmingham, Liverpool na Manchester. Magazeti ya huko yalishughulika na kilemba chake na jambia lake. Lakini tazameni ni miji gani aliyoiona, na wakati gani. London ilikuwa inakamilisha mitaro mikubwa ya chini ya ardhi ya mhandisi Joseph Bazalgette, ya kuondoa maji machafu, kazi iliyoanza baada ya kipindupindu kuua watu wengi. Birmingham ilikuwa chini ya meya Joseph Chamberlain, na mwaka huo huo mji ule ulikuwa mbioni kuinunua kampuni ya maji ili maji yawe mali ya wakaazi, si ya wenye hisa. Barghash alirudi kwa njia ya Paris na Misri. Mwandishi aliyefuatana naye aliyaandika ya safari ile kwa Kiarabu, na kitabu kikachapishwa.

Watawala wengine wa Mashariki walikwenda Ulaya miaka ile wakarudi na saa za dhahabu na vioo. Barghash naye alirudi navyo, alipenda mapambo. Lakini alirudi pia na fikra kwamba mji unahitaji kutunzwa, na kwamba kuutunza ni kazi ya mtawala.

Kazi kubwa kuliko zote ilikuwa maji. Kutoka chemchemi zilizo kaskazini ya mji, upande wa Bububu, yalijengwa mapito na kulazwa mabomba mpaka mjini. Mabaki ya mapito ya zamani bado yanaonekana Maruhubi, penye magofu ya jumba lake. Maji yalifika majumba ya kifalme kwanza, sitawadanganyeni. Lakini hayakuishia hapo. Yalipelekwa kwenye mifereji ya mitaani, na mtu yeyote aliweza kuja na mtungi wake akajaza akaondoka, bila ya kulipa.

Bila ya kulipa. Nilipolisoma neno hili mara ya kwanza nilikifunga kitabu.

Fikirini maana yake kwa mji wa wakati ule. Mchukuzi wa bandarini, mjane mshona kofia, mtumwa aliyetumwa, Mhindi mwenye duka, Mngazija, Mshihiri, wote walisimama katika mfereji mmoja na kunywa maji yale yale aliyokuwa akinywa Seyyid katika jumba lake. Visima vya kando ya makaburi vikaanza kuachwa. Daktari anamtibu mgonjwa aliyekwisha kuugua. Maji safi humkinga mtu ambaye hatajua hata siku moja kwamba alikuwa augue. Ndiyo maana watu wa afya hawasifiwi sana: kazi yao ikifanikiwa, hakuna kinachotokea.

Hakuishia hapo. Alijenga hamamu mjini, kazi iliyosimamiwa na fundi Haji Gulamhussein, kwa namna ya hamamu za Kiajemi, na watu wa mji wakaingia kuoga kwa ada ndogo. Mtaa ule mpaka leo unaitwa Hamamni. Baada ya kimbunga alinunua meli za moshi, zikafanya safari baina ya Unguja na Bombay na kuleta mchele. Na chakula kikiwapo kwa bei ambayo watu wanaiweza, hilo nalo ni kinga ya maradhi, kama alivyojua mama yeyote mwenye watoto.

Upande wa amani, mji ulikuwa umezoea kulindwa na Wabulushi na askari wa kukodiwa, ambao mara nyengine raia waliwaogopa zaidi kuliko wezi. Mwaka 1877 Barghash alimpa kazi ofisa kijana wa jeshi la bahari la Kiingereza, Lloyd Mathews, afundishe askari wa namna mpya, wenye nidhamu, sare na mshahara. Walianza wachache, na mwaka 1880 walishafika kama 1,300. Mbele ya Beit al-Ajaib, iliyomalizika 1883, palisimama mnara wenye saa na taa ya kuongoza vyombo. Baharia anayeingia usiku aliijua bandari iko wapi, na mtu wa mtaani aliijua saa ya kwenda kazini. Hata saa ya mnara wa kanisa la Mkunazini, lililojengwa pale pale palipokuwa na soko la watumwa, yeye ndiye aliyeitoa. Walimu wetu wa misheni walikuwa wakituonyesha ile saa, na sisi watoto wa Kiislamu tulijisikia kama kwamba na sisi tuna sehemu yetu katika kanisa.

Tena mfano wa mtawala huvuta matajiri. Mwaka 1887 mfanyabiashara mkubwa wa mji, Tharia Topan, aliyekuwa mtu wa karibu wa Seyyid na msimamizi wa forodha, aliweka jiwe la msingi la spitali ya kutibu maskini, pale ufukweni. Alifariki kabla jengo halijamalizika, lakini lilimalizika na likatoa dawa kwa miaka mingi. Wengi wenu mmelipita mkienda bandarini, lile lenye roshani za mbao zilizochongwa. Wazee tulizoea kuliita dispensari.

Lakini wakati Barghash anautengeneza mji, nchi ilikuwa inamtoka mikononi. Wajerumani waliingia bara na mikataba yao, na mwezi wa Agosti 1885 manowari zao zikasimama mbele ya jumba lake na kuelekeza mizinga. Aliwageukia Waingereza aliowapa kila walichotaka, nao wakamwambia asubiri. Mwaka 1886 mataifa yale mawili yalikaa yakagawana. Aliachiwa visiwa, na bara akaachiwa ukanda wa pwani wa upana wa maili 10. Mtu aliyekuwa akisemwa kwamba akipiga zumari Unguja watu hucheza mpaka kwenye maziwa, akabaki na ufukwe.

Afya yake nayo ilikuwa imeshaharibika. Alikuwa na maradhi ya kifua, na miguu ilikuwa imevimba kwa matende. Mwanzo wa mwaka 1888 alipanda meli kuja huku Oman, nchi ya baba zake, kutafuta afya. Nimekaa mara nyingi kwenye chemchemi ya maji ya moto ya Bausher, hapa nje ya Maskati, nikiwatazama wazee wenzangu wanatumbukiza magoti yao, na kila mara humfikiria. Aliwapa watu maji ya kuwakinga na maradhi, na yeye mwenyewe akavuka bahari kutafuta tiba asiipate. Alirudi Unguja mwisho wa mwezi wa Machi, akafariki saa chache tu baada ya kufika. Umri wake ulikuwa kama miaka 51. Alizikwa katika makaburi ya kifalme, karibu na baba yake na kaka yake aliyemwasi.

Sasa tupime. Milki ya bara ilikwenda. Merikebu zilikwenda. Ule mnara wa taa uliharibiwa kwa mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, katika vita vilivyokwisha kwa chini ya saa moja. Hata Beit al-Ajaib, tuliyodhani haitaanguka kamwe, upande wake mmoja uliporomoka tarehe 25 Disemba 2020 na kuua watu. Nililia siku ile, sioni haya kusema.

Lakini nilipokuwa mtoto, miaka zaidi ya 60 baada ya kifo chake, maji ya mjini bado yalikuwa yakija kutoka upande ule ule wa Bububu, na bibi yangu bado alikuwa akimwombea dua. Hakuwahi kumwombea kwa ajili ya jumba. Huko hakuwahi kupanda hata ngazi moja. Alimwombea kwa ajili ya kitu alichokishika kwa mkono wake kila siku, kilichomwondolea mama yake kazi ya kubeba mtungi, na kilichowafanya watoto wake wawe hai.

Sisi huku Ghuba tunaishi katika miji ambayo ukipiga simu gari la wagonjwa linafika, ukifungua mfereji maji yanatoka, na barabara zina taa usiku kucha. Watoto wetu wanaona ni mambo ya kawaida, kama jua kuchomoza. Waambieni kwamba kila kimoja kiliamuliwa na mtu, kikalipiwa na mtu, na kinaendeshwa na watu ambao majina yao hamyajui. Aliye leo katika ofisi ya maji, ya spitali au ya polisi, hata akiwa karani tu kama nilivyokuwa mimi, ajue kwamba mbele ya meza yake hupita dua au hupita malalamiko, na mara nyengine tofauti ni muhuri mmoja.

Yule mama mjane sikumwona tena. Baada ya siku nne nililipa deni lake kutoka mshaharani mwangu, bila ya kumwambia mtu, na maji yakafunguliwa. Haikuwa fedha nyingi. Mpaka leo najuta kwamba sikulipa siku ile ile aliyokuja.

Mungu amrehemu Seyyid Barghash kwa mema aliyoyafanya, amsamehe mabaya yake, na atusamehe na sisi. Amin.